Chaki Ubavuni mwa Meli

Kila bamba la ubavu wa meli lina anwani. Mataruma huhesabiwa kwa namba, kwa kawaida kutoka tezi kwenda omo. Safu za mabamba hupewa herufi, kutoka mkukuni kupanda juu. Mkaguzi akisema ndani ya chelezo, "D, taruma 84 hadi 91," wenzake wanajua pa kupeleka chaki.

Hao wenzake ndio wanaonivutia. Meli mbili zikigongana, mwenye meli huleta mkaguzi wake, watoa bima wake huleta wao, na upande wa meli ya pili nao hualikwa kutuma mtu. Anayetaka kulipwa na anayeweza kudaiwa hawatazami chuma kwa jicho moja. Hata hivyo hupanda jukwaa lile lile, wakashika futi kamba moja, huyu ncha hii na yule ile.

Kazi yenyewe haina haraka. Bonde lililopauka, lenye kutu iliyokomaa na rangi juu ya rangi, huenda ni la miaka iliyopita, na bima ya ajali hii hailihusu. Mkwaruzo unaong'aa, wenye chembe za rangi ya meli nyingine, ni wa juzi. Mkaguzi mzuri hatosheki na nje. Huingia ndani ya tangi kwa tochi kutazama kama taruma limepinda na limeelekea wapi, kwa maana mpindo huonyesha pigo lilitoka upande gani. Kisha huja hukumu ya kila kipande: hiki kikatwe kiwekwe kipya, hiki kinyooshwe papo hapo, hiki kitolewe, kinyooshwe, kirudishwe. Tofauti kati ya hukumu hizo ni fedha nyingi, na ndipo mabishano hukolea. Nayapenda mabishano hayo, kwa kuwa huishia kwenye kipimo.

Wakikubaliana, hutia saini orodha ya uharibifu "bila kuathiri haki za upande wowote". Hakuna aliyekiri kosa wala kuahidi malipo. Wamekubaliana kuhusu chuma tu. Nani alaumiwe ni shauri la mawakili. Naona ustaarabu mkubwa katika kutenga mambo hayo mawili.

Mkaguzi wa bima naye mara nyingi husimama kwa niaba ya wengi. Katika soko la London, dalali alikuwa akizunguka na karatasi moja. Mtoa bima kiongozi akaandika masharti na asilimia aliyoibeba, wengine wakafuata chini yake. Jumla ikipita mia, kila fungu hupunguzwa kwa uwiano. Wengi hivyo hawawezi kupanda jukwaa pamoja, na ndiyo maana soko hilo lilianzisha Salvage Association mwaka 1856, likawa na wakaguzi wa kuaminiwa na wote.

Hata gharama ya chelezo ina adabu yake. Ikiwa matengenezo ya bima na ya mwenye meli yote yalihitajika mara moja ili meli isafiri salama, kwa desturi ada ya siku zilizotumika kwa yote mawili hugawanywa nusu kwa nusu.

Saini zikishakauka, fundi huwasha moto wa gesi na kukata kwa kufuata chaki. Jioni bamba la safu D limelala kwenye rundo la chuma chakavu, na ushahidi uliobaki ni ile orodha.