Rangi ya Njano ya Ishiara

Shuleni kwetu kulikuwa na ramani ya biomu za dunia, imebandikwa ukutani, pembe moja imeng'oka. Kijani kilichokolea kilikuwa msitu wa mvua, kule Kongo na Amazon. Hudhurungi, jangwa. Juu kabisa, tundra. Sisi tulikuwa ndani ya njano ya savana. Jina la Ishiara halikuwepo, ila mwalimu aligusa karatasi akasema, "Sisi tuko hapa," na kidole chenyewe kilifunika kuanzia Meru hadi Machakos.

Nataka kuisoma ramani hiyo jinsi tunavyosoma riwaya, maana nayo inasimulia hadithi. Mandhari yake yanapendeza. Shida ni kwamba haina wahusika. Savana yake ina mgunga mmoja na jua linalotua nyuma yake, pengine na twiga, lakini mtu mwenye panga hayuko. Ploti nayo inaendeshwa na vitu viwili tu, joto na mvua. Ndivyo mwanaikolojia Robert Whittaker wa Marekani alivyozipanga biomu kwenye grafu yake maarufu: joto upande huu, mvua upande ule, kila uoto ukapewa kona yake.

Na tuseme ukweli, haidanganyi. Panda matatu Kianjokoma, karibu na msitu wa Mlima Kenya, kwenye baridi na majani chai. Shuka hadi Embu mjini ukipitia kahawa. Endelea kushuka, Siakago, mpaka Ishiara ambako mwinuko haufiki mita 1,000, jua linakupiga utosini na mashamba ni ya ndengu, kunde na mtama. Asubuhi haijaisha na umepita dunia kadhaa. Lakini ona nilivyozihesabu hizo dunia: chai, kahawa, ndengu. Hakuna hata moja iliyopandwa na mvua.

Shamba la shosho, mzaa mama, liko nje kidogo ya soko la Ishiara. Nilipokuwa mdogo lilikuwa nusu shamba, nusu kichaka: mtama na kunde upande wa chini, juu migunga, mizinga ya nyuki, mbuzi wakijitafutia. Leo ni muguka, mistari hadi kwenye ua. Migunga ilienda kwa makaa, gunia baada ya gunia. Mti mmoja tu wa zamani umebaki, mkwaju, kwa vile shosho hanywi uji usiotiwa ukwaju.

Kabla hujanuna, jua kwamba karo yangu ya chuo ilitoka kwenye mistari hiyo. Muguka huvumilia kiangazi, na ukichumwa majani huchipua tena. Pesa yake ni ya leo leo. Mtama unangoja mvua, halafu unangoja ndege waamue kama watakubakishia chochote. Mjomba alipong'oa mtama hakuwa mjinga wala adui wa mazingira. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na mmoja wa dadake, ambaye ni mimi.

Mwaka 2008 Erle Ellis na Navin Ramankutty walichapisha ramani nyingine. Badala ya kuuliza ardhi ingekuwaje kama watu wasingekuwepo, waliuliza watu wanaishije juu yake, wakachora vijiji, mashamba, malisho, misitu yenye wakazi. Kwa hesabu yao, zaidi ya robo tatu ya ardhi isiyo na barafu ina alama ya makazi au matumizi ya binadamu. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata jina lake kwenye orodha. Hii ndiyo ramani inayoweza kuisema Cerrado ya Brazil, savana ambayo takriban nusu ya uoto wake wa asili imeshatoweka, sehemu kubwa kwa malisho ya ng'ombe na soya, huku ramani ya ukutani ikiendelea kuipaka rangi ileile.

Lakini binadamu wa ramani hii ni mhusika bapa. Anaitwa "watu", basi. Mwenye ekari mbili na mwenye ekari elfu mbili wanafanya tendo lilelile, kutumia ardhi, na hatuambiwi nani anauza, nani ananunua.

Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata. Hoja yao ilikuwa afya ya vijana, na si hoja ya kupuuza. Rais akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa sheria ya kitaifa inautambua muguka kama zao. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikazisimamisha. Runingani watu walibishana kuhusu afya na riziki usiku kucha. Sikumsikia yeyote akitaja udongo. Mjomba alinipigia simu wiki hiyo: "Huko mjini wanasemaje?" Aliuliza kama mtu anayeuliza kuhusu mvua, na sikuona kosa lake. Kinachoamua rangi ya shamba lake ni shavu la kijana wa Likoni anayetafuna ili usiku upite. Hapo ramani zote mbili zinanyamaza.

Kinachonikaribia zaidi wala si ramani. Ni The Mbeere in Kenya, juzuu mbili za Bernard Riley na David Brokensha, 1988. Juzuu ya pili ni ya mimea, majina na matumizi. Kuisoma ni kazi, ina ukavu wa orodha, na siipendekezi kwa safari ya basi. Ila humo mti hautajwi peke yake. Unakuja na jina ambalo shosho anaweza kulisahihisha, na kazi ambayo mtu fulani aliupa. Ukiukata, unajua umekata nini.

Mwaka jana mjomba alitaka kuuangusha mkwaju, ati kivuli chake kinanyima mistari mitatu jua. Shosho hakubishana naye. Alibeba kigoda, akakaa chini yake siku nzima. Mkwaju bado upo, na gari la kuchukua muguka huegeshwa hapo kila jioni, maana shambani kote hakuna kivuli kingine.