Karamu ya Mgeni Aliyefunga

Nilikwenda kumwona nyangumi, nikapokewa na magari. Yalikuwa ya zamani, yamepangwa kando ya barabara, yamesuguliwa mpaka unajiona uso, na wenyewe wameketi kwenye viti vya kukunja wakisubiri kusifiwa. Baada ya magari vilifuata vibanda vya nguo, baada ya nguo vya chakula, kisha jukwaa la muziki, kisha watoto waliochorwa mikia ya nyangumi mashavuni. Bahari ilikuwa nyuma ya vyote hivyo. Ilibidi tuulize njia.

Hermanus ni mji wa pwani, kama kilomita 120 kutoka Cape Town ninakosoma. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, hufanya tamasha la nyangumi, wakati nyangumi wenyewe wamejaa ghubani wakizaa na kunyonyesha. Rafiki yangu mwenye gari alinichukua Septemba iliyopita. Mimi nasoma fasihi, shahada ya uzamili, na maradhi ya watu wa fani yangu ni kusoma hata kisichoandikwa. Tamasha nalo ni matini. Lina msimulizi, lina mhusika mkuu, lina mahali linapoanzia kisa na mahali linapokifungia. Basi nalihakiki kama ningehakiki riwaya, na naanza na uzuri wake, kwa sababu upo.

Uzuri huo ni mtu mmoja mwenye baragumu. Tangu mwaka 1992 mji huu una mpiga mbiu wa nyangumi. Hutembea juu ya miamba na baragumu ya mwani mkubwa uliokaushwa, na akimwona nyangumi hupuliza, kwa mpangilio wa milio unaoonyesha yuko upande gani wa ghuba. Kwetu tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ya Hermanus ina jambo moja tu: tazama kule. Ilipolia, mwanamke aliyekuwa akilipia soseji mbele yangu aliacha chenji yake mezani akakimbilia ukingoni. Nimekaa kwenye semina nyingi za mazingira. Sijaona mada iliyomfanya mtu aache chenji.

Nami nikakimbia. Alikuwa jike na ndama wake, umbali wa kurusha jiwe. Hawakuruka, hawakupiga mkia. Walielea tu. Mvuke ulipanda kwanza, kisha, baada ya kitambo kidogo, sauti ya pumzi ikatufikia, nzito kama ya mtu anayetua mzigo. Kichwani alikuwa na sugu nyeupe. Sugu hizo hukaa tofauti kwa kila nyangumi, kama alama za vidole, na kwa hizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria huwatambua mmoja mmoja katika picha wanazopiga kutoka angani. Sensa hiyo ya angani ilianza mwaka 1969. Wapo majike waliopigwa picha wakiwa na ndama, kisha na ndama mwingine, kisha mwingine, na mtu ofisini anajua mpangilio wa miaka yao ya uzazi kuliko ninavyojua wa mama yangu.

Sasa kisa chenyewe. Tamasha linasimulia hadithi ya kuokoka, na hadithi hiyo ni ya kweli. Kiingereza kinamwita nyangumi huyu "sahihi". Usahihi wenyewe ni wa mwindaji: huenda polepole, hupenda ghuba za karibu, ana mafuta tele, na akishauawa huelea badala ya kuzama. Jina ni hukumu ya kifo iliyobaki midomoni baada ya hukumu kufutwa, na pale Hermanus limechapwa kwenye fulana na kofia za watoto. Meli za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa ziliwaua katika ghuba za Rasi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Msomaji wa Pwani asidhani hiyo ni habari ya jirani. Meli za kazi hiyo hiyo zilitia nanga Unguja, Mmarekani J. Ross Browne alishuka pale kutoka moja ya meli hizo, akaandika kitabu cha safari yake kilichochapishwa mwaka 1846.

Ulinzi wa kimataifa wa nyangumi hawa ulianza mwaka 1935. Katika miaka ya 1960 meli za Kisovieti ziliua kwa siri zaidi ya 3,000. Kituo cha Durban, ambacho kiliwinda nyangumi wa aina nyingine, kilifungwa mwaka 1975. Zuio la dunia la uwindaji wa biashara lilipitishwa mwaka 1982, likaanza kutekelezwa mwaka 1986. Na nyangumi wa Rasi wakarudi, wakiongezeka kwa karibu asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka kwa miongo kadhaa. Makofi. Nami nilipiga.

Ugomvi wangu ni na mahali hadithi inapofungwa.

Nyangumi huyu hali karibu chochote akiwa pwani ya Afrika Kusini. Hula kiangazi, huko kusini kabisa kuelekea Antaktika, uduvi na viumbe vidogo kuliko uduvi, tani kwa tani. Kisha huja huku kuzaa, na miezi yote hiyo huishi na kunyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Yaani mgeni rasmi wa karamu amefunga. Sisi tuko juu ya mwamba, mkono mmoja una simu, mwingine una samaki na chipsi, tunamsherehekea mama ambaye hajatia kitu kinywani kwa wiki nyingi na anayetoa maziwa muda wote huo.

Hapo nikamkumbuka bibi, na kisa ambacho wengi wetu tuliolelewa pwani tumekisikia kwa namna moja au nyingine. Nabii Suleiman aliomba aruhusiwe kuwalisha viumbe wote, siku moja tu. Akakusanya nafaka, akapika, chakula kikapangwa ufukweni kama milima. Nyangumi mmoja akatoka baharini, akala vyote mpaka cha mwisho, kisha akauliza, kwa adabu, kama kuna nyongeza, maana alizoea kula mara tatu ya kile kila siku. Suleiman akaanguka kifudifudi. Kwa bibi, funzo lilikuwa kwamba mlishaji ni Mmoja, na alilisema huku akitugawia ugali. Mimi juu ya mwamba nilikishika upande mwingine. Karamu iliharibika kwa sababu mwenyeji hakuwahi kuuliza mgeni wake hula kiasi gani.

Hermanus watu wanajua, au wangeweza kujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha picha za angani za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 2019 hadi 2021, ukakuta majike wanaonyonyesha wamepungua unene kwa asilimia 23. Zamani jike alizaa kila baada ya miaka mitatu hivi. Tangu karibu mwaka 2010 wengi huzaa kila baada ya minne au mitano. Watafiti wanaelekeza kidole kwenye chakula: bahari ya kusini inabadilika, na nyangumi wanalazimika kulisha kwingine. Huenda hayo yalielezwa kwenye hema la elimu ya bahari nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, sitasema hayakuelezwa. Ninachosema ni kuhusu umbo. Jukwaa, bendi, gwaride na magari ni umbo la furaha, na furaha haina mahali pa kuweka asilimia 23. Ni kama kusoma risala ya daktari harusini. Hata mtu akiisoma vizuri, watu watamsubiri amalize ili muziki urudi.

Rafiki yangu alinijibu tukiwa bado pale. "Wewe unataka watu waje kulia?" Akanionyesha watoto. Msichana mmoja, pengine wa miaka sita, alikuwa ameganda ukingoni, mdomo wazi, hajali bendi. "Huyo akikua hataua nyangumi. Tamasha limemaliza kazi yake." Nilikosa la kusema, na bado sina jibu zuri. Tasnifu yangu haijawahi kumgandisha mtu yeyote ukingoni.

Lakini kuna mtu mwingine nilimpelekea nyangumi yule, na yeye ndiye aliyeniharibia wikiendi.

Mjomba wangu ni mvuvi, kusini ya Mtwara. Ana mkono mmoja. Wa kulia aliupoteza kwa baruti, kabla mimi sijaanza shule. Katika kila warsha ya utunzaji wa bahari niliyohudhuria kuna picha ya matumbawe yaliyosambaratika, na kila mara namtafuta mjomba ndani ya picha ile. Hajitetei. Anasema alikuwa kijana, alikuwa na deni, na wenzake wakipiga baruti asubuhi, wewe mwenye mshipi unarudi na nini? Kwa lugha ya matamasha ya bahari, yeye ni mharibifu. Ndiye pia aliyenifundisha kujua maji yanapojaa na yanapotoka bila kutazama saa.

Nilimtumia video. Akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huyo mbona kama amelala?"

"Anapumzika. Ana mtoto."

"Hapa wanapita Agosti. Wa kwetu wanaruka. Tukiwaona tunazima mashine, tunakaa kimya, wapite." Akanyamaza kidogo. Nyuma yangu bendi ilikuwa imeanza tena. "Na hao wanaopiga kelele ndio wavuvi wa hapo?"

Nikamwambia sidhani.

"Sasa wavuvi wenyewe wako wapi?"

Ni swali la kawaida kabisa la mtu wa pwani, na mimi, niliyefika pale na daftari la kuhakiki, sikuwa nimeliuliza. Jibu lake liko barabarani, dakika chache kwa gari. Chini ya sheria ya ubaguzi wa makazi ya mwaka 1950, watu wasio Wazungu walisukumwa mbali na ufuko wa miji kama huu. Hermanus ina Mount Pleasant, na ina Zwelihle, jina la Kixhosa ambalo sikio la Mswahili linaweza kulikisia likitulia: nchi nzuri. Mwaka 2018 Zwelihle iliwaka kwa maandamano ya kudai viwanja vya kujenga. Upande wa magharibi kuna Hawston, kijiji cha wavuvi, na hapo ndipo linapoingia neno perlemoen, konokono wa baharini mwenye nyama ghali na gamba linalong'aa ndani kama lulu. Enzi za ubaguzi vibali vya kumvuna vilikwenda zaidi kwa kampuni za Wazungu. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 2008 kwa sababu konokono walikuwa wanaisha, ukafunguliwa kwa kiasi mwaka 2010. Katikati ya hayo vijana wa ukanda huu wamekuwa wakizamia kinyume cha sheria, baharini kwenye papa, na mzigo huishia Hong Kong. Wengine hawarudi. Hao nao ni watu wa bahari ile ile, na maarifa yao ya ghuba ile, mwamba kwa mwamba, sidhani kama kuna mwenye gari la zamani anayekaribia nusu yake.

Simaanishi kwamba mzamiaji haramu apandishwe jukwaani apewe ngao. Konokono wanaisha kweli, kama matumbawe ya kwetu yalivyovunjika kweli. Nasema kisa cha bahari kinachomjua mnyama anayeonekana kutoka hotelini, na kisichomjua mtu anayeingia majini usiku, kimechagua msimulizi wake mapema mno. Kiswahili kina neno ambalo nilikuwa nikilitafuta siku ile yote: amana. Amana ni kitu cha mtu mwingine kilicho mikononi mwako. Nilisikia "nyangumi wetu" mara nyingi sana Hermanus, kwa upendo, na kila mara neno "wetu" lilinikwaruza kidogo. Nyangumi yule alikuwa na miezi michache ghubani. Chakula chake kiko kwenye maji ambayo hakuna hata mmoja wetu pale mwambani aliyewahi kuyaona.

Jumapili mchana tuliondoka mapema. Mpiga mbiu alikuwa bado kazini na watu wamepungua. Alipuliza, tukageuka sote, mimi pia, ingawa nilikuwa nimeshajiapiza kwamba nimemaliza kutazama. Yule jike alikuwa amesogea kidogo tu. Ndama alipanda mgongoni kwake, akateleza, akapanda tena.

Nilimwomba rafiki yangu apitie Hawston. Hakuuliza sababu. Tulishuka mpaka kwenye bandari ndogo, akazima gari. Wanaume watatu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe, mmoja akitengeneza kitu ambacho kwa mbali sikukitambua. Walitutazama. Nilifungua mlango, nikaweka mguu mmoja chini, ndipo nikakumbuka kwamba nina kamera shingoni, na shavuni bado nina mkia wa nyangumi niliochorwa asubuhi kwa randi ishirini.