Mchezo unaokungojesha

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, kama saa tisa mchana. Nilikuwa nyuma ya boda boda natoka Kabalagala kurudi Namuwongo, simu ikatetemeka mfukoni. Nikafikiri ni mama ananiandikia kutoka Uvira. Nikamwambia mwenye boda asimame. Kumbe alikuwa Nour, na Nour si mtu wa kweli. Ni mwanamke wa kwenye mchezo wa simu, alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, na mimi mtu mzima nimesimamisha pikipiki kando ya barabara kwa ajili yake.

Mchezo wenyewe unaitwa Bury me, my Love. Ulitoka mwaka 2017, na waliouanzisha ni kampuni ndogo ya Ufaransa, The Pixel Hunt. Jina linatoka kwenye msemo wa Kiarabu wa kuagana, maana yake kama jitunze, usithubutu kufa kabla yangu. Nour anatoka Homs, Syria, anaelekea Ulaya. Wewe unayecheza ni Majd, mume wake, umebaki nyumbani kutunza mama na babu. Hakuna bunduki, hakuna kuruka ukuta. Mnaandikiana tu kama kwenye WhatsApp: anakuuliza, unachagua jibu, anatuma picha, anakutania. Akisema anaingia kwenye basi, basi, amepotea. Unangoja saa za kweli, mpaka simu iite tena. Wazo lilianzia kwenye habari ya gazeti la Le Monde juu ya mwanamke wa Syria aliyesafiri huku akiandikiana na watu wake kwenye simu.

Si mchezo wa watoto. Tuliucheza watu tisa, wote zaidi ya miaka 20, kwenye chumba chetu cha vijana karibu na reli. Tulicheza kwa Kifaransa. Mmoja anasoma kwa sauti, mimi nawatafsiria wasiokisoma, halafu tunabishana jibu gani tumpe Nour.

Wiki ya pili tisa wakawa wanne. Nilimfuata kijana mmoja anayekaanga chapati pale chini nikamuuliza mbona haji. Akanijibu: "Kaka, mimi niko nangoja simu ya ofisi tangu mwaka juzi. Sasa na wewe unaniletea mchezo wa kungoja?" Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani sikupata jibu la kumrudishia. Mtu wa Paris, kungoja namna hiyo kwake ni habari mpya. Sisi tunapata nini tukiongezewa?

Nimefikiri sana na naona uchelewaji wa mchezo huu si wa aina moja.

Mwanzoni ni wa maneno. Nour na Majd wanataniana, wananuniana, wanapatana. Vijana walichoka hapo, walitaka afike mpakani haraka. Dada mmoja tu alifurahi, akasema mume wake alikuwa akimtania vile vile kabla hawajaachana njiani. Mimi niko upande wake. Usipomzoea Nour akiwa anacheka, akinyamaza haikusumbui.

Halafu kuna uchelewaji wa njiani, na hapo waandishi wameweza kweli. Tuko na mama mmoja kwenye kundi ambaye mtoto wake alipitia Sudan akaingia Libya. Nour alipokuwa anakaribia maji, sisi wengine tulitaka tuucheze ile namna ya haraka, isiyo na kungoja, ili tumalize kabla betri haijaisha. Mama akakataa. Akasema mtu hapiti baharini kwa dakika moja. Tulimsikiliza, tukaenda nyumbani bila kujua. Baadaye nilijaribu peke yangu kwa haraka. Usiku wote ule ukawa mstari mmoja na mstari unaofuata. Nilisoma kama mtu anayesoma risiti.

Lakini uchelewaji wa tatu ni wa Majd mwenyewe, na hapo ndipo kijana wa chapati alikuwa na haki. Nour akizima simu, wewe mchezaji huna la kufanya. Majd anabaki kama kiti. Tunajua ana mama, ana babu, mji unapigwa, lakini saa zile za kungoja hazina kazi kwako wala uamuzi. Anayengoja hapa Namuwongo hakai hivyo. Anapanda Muyenga kufua nguo za watu, anabeba madumu, mvua ikinyesha na mtaro wa Nakivubo ukijaa anainua godoro juu ya meza. Anakopa bando ili asikose ile simu moja. Kama wangempa Majd mambo ya namna hiyo, auze nini kwa ajili ya dawa ya babu, amwambie Nour ukweli au amfiche, kungoja kungekuwa sehemu ya hadithi. Wamechelewesha saa wakaiacha tupu.

Wengine wataniuliza kuhusu Salaam ya Lual Mayen, ndugu yetu wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, ambaye mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Huo mchezo unakwenda mbio: unakimbia, nguvu zinapungua, unatafuta maji na chakula. Nimeuona kwenye video tu. Naupenda, na vijana wangu wangeupenda kuliko wa Nour. Ila mimi kukimbia kwangu kulichukua siku nane, na sasa niko mwaka wa saba Kampala. Wa kuandika huo mwaka wa saba bado simwoni.

Ndugu zangu wa mashirika, nawaomba kitu kimoja. Msiulete mchezo huu kwenye mafunzo ya saa mbili yenye karatasi ukutani na soda. Hautatosha hapo. Mwachieni mtu simu wiki nzima, mlipieni bando, mumuulize wiki ijayo. Ninyi wa Nakivale na Kyaka, mkipata mtu wa kusoma Kifaransa au Kiingereza jaribuni, ila mjue una miisho 19. Sisi tulifika mmoja, na siusemi.

Jumamosi tunaanza upya kutoka Homs. Safari hii simu itakaa kwa kijana wa chapati. Ametoa masharti yake: Nour akiandika jioni wakati wa wateja, atamjibu akimaliza unga.