Mifarishi ya Harriet Powers, na Kipimo cha Kazi ya Urithi

Mfarishi ni nguo ya tabaka tatu: uso, pamba ya katikati, na bitana, nazo hushikwa pamoja kwa kudariziwa, yaani kwa mishono ipitayo zote tatu. Katika nchi ya Marekani kazi hii ni ya siku nyingi, na nyumba nyingi zina mfarishi mmoja au miwili iliyoachwa na nyanya. Mrithi afunguapo sanduku huuliza maswali mawili: Huu ni wa zamani gani? Nao wapata fedha kiasi gani? Maswali hayo yana majibu. Illakini lipo la tatu lililo kubwa kuliko hayo, na mara nyingi halina wa kulijibu: Ni nani aliyeushona, naye alisema nini juu yake?

Umri kwanza husomwa katika nguo yenyewe. Mfarishi hauwezi kuwa wa kale kuliko kiraka chake kilicho kipya kuliko vyote. Rangi za kutengenezwa kwa dawa zilianza mwaka 1856, William Perkin alipopata rangi ya zambarau. Kwa hiyo kiraka chenye rangi ya namna hiyo si cha kabla ya hapo. Uzi, chapa ya kitambaa na mshono wa cherehani navyo hutoa ushahidi. Lakini yafaa kuangalia sana, maana uso waweza kuwa kazi ya nyanya, na bitana kazi ya mjukuu aliyeukuta haujamalizwa. Tena wako wasemao kwamba mfarishi ukiinuliwa mbele ya taa na mbegu za pamba zikaonekana, basi ni wa kabla ya mashine ya kuchambulia pamba ya mwaka 1793. Neno hilo si kweli. Pamba isiyochambuliwa vema iliendelea kutumika miaka mingi baada ya mashine ile.

Kama vile mbegu zinavyodanganya, masimulizi nayo hudanganya. Mwaka 1999 kilitolewa kitabu kiitwacho Hidden in Plain View, kikieleza ya kuwa mifarishi ilianikwa nje kuwa alama za siri kwa watumwa waliokuwa wakitoroka. Habari hiyo ilipendwa mno, hata ikaingia mashuleni. Lakini watoro wengi wa karne ya 19 waliandika au kuandikiwa habari za safari zao, wala hawazitaji alama hizo. Hatusemi kwamba masimulizi ya jamaa ni uongo. Twasema ya kwamba hadithi nzuri haina budi kuulizwa shahidi wake, kama vile nguo inavyoulizwa uzi wake.

Basi tutazame kazi ambayo shahidi wake alisikiwa. Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 karibu na Athens, Georgia, naye alikuwa mtumwa. Pamba ya mashamba ya kusini kama yale ya kwao ndiyo iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini, ikaletwa Unguja, watu wakaiita merikani. Jina la nguo twalijua. Mikono iliyoivuna hatukuijua. Baada ya kuwa huru, mama huyu alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia, watu na wanyama wakiwa wamekatwa katika vitambaa na kushonewa juu ya uso. Kaini amwua Habili na damu yatiririka; Yakobo aota ndoto; Bwana abatizwa. Katika picha ya Yuda na vipande thelathini vya fedha lipo duara kubwa, wala hakuna awezaye kulitambua kwa macho tu. Mwenyewe alieleza kwamba ni nyota iliyoonekana mwaka 1886. Kumbe aliishona Biblia pamoja na mbingu za siku zake.

Maelezo hayo tunayo kwa sababu ya Jennie Smith, mwalimu wa uchoraji, aliyeuona mfarishi katika maonyesho ya Athens mwaka 1886. Alitaka kuununua, akakataliwa. Miaka michache baadaye shida iliingia katika nyumba ya Powers. Akaomba dola 10, akapewa 5. Aliporudi kuutazama, na alirudi zaidi ya mara moja, hakuwa tena mwenye mali.

Smith aliandika aliyoyasikia, na kwa hilo twamshukuru. Hata hivyo usemi wa mama yule aliuandika kwa tahajia ya kuchekesha, na wasomaji wa baadaye wakadhani alikuwa hajui kusoma, akipata yote kwa kusikia mahubiri. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alitangaza barua ya Harriet Powers ya mwaka 1896, ambayo yaonyesha alijua kusoma, na kwamba alishona mifarishi mingine pia. Hapa wakusanyao desturi na tuonywe: anayeandika maneno ya mwingine aweza kuyahifadhi na kumpunguzia heshima kwa kalamu ileile.

Mfarishi wake wa pili ujulikanao, uliopo Boston, una picha 15. Humo mna nyota zilizoanguka mwaka 1833, na siku ya giza ya mwaka 1780, ambazo hakuziona kwa macho yake; mna pia nguruwe jike, jina lake Betts, aliyekimbia maili 500 toka Georgia mpaka Virginia. Wengine wamelinganisha ushonaji huu na nguo za picha za Abomey huko Dahomey. Mfanano upo, wala haudharauliki. Lakini mfanano peke yake si nasaba.

Basi twaupimaje mfarishi wa Biblia? Mshono wake si wa mkono mtupu, maana cherehani imetumika pia. Apendaye usafi wa kazi ya mkono angeushusha bei. Soko liliupa dola 5. Leo umo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington, na thamani yake kubwa ni hii, kwamba nguo na neno la mshonaji vimefika pamoja. Vikitengana, nguo hubaki na umri wake tu.

Kwa hiyo, mwalimu akionyeshwa kazi ya mikono iliyorithiwa, iwe mfarishi, mkeka au kofia, asianze na bei. Aandike jina la aliyeifanya, mahali, mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba wala kuyacheka. Na kama bibi mwenyewe yu hai, aende leo.