Zimwi Likujualo: Uumbaji wa Mhusika katika Michezo ya Mazimwi Wandani

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtafuta mhusika katika riwaya, tamthilia na ngano. Upo utungaji mwingine, mchanga bado, ambao haujatiliwa maanani ipasavyo: mchezo uchezwao kwa maandishi kwenye intaneti, ambamo kila mchezaji hujitungia mhusika, humpa mwandani wa jamii ya mazimwi, kisha huandika mwenendo wa wawili hao aya kwa aya, akipokezana zamu na wachezaji wengine. Hapana mwandishi mmoja wa kisa, wala hapana mwisho uliopangwa. Kilichopangwa ni mwanzo tu, yaani mhusika mwenyewe. Na mwanzo huo una kasoro inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa haikuanzia mchezoni wala haikuishia huko.

Mingi ya michezo hiyo imeuchota ulimwengu wake kutoka Pokémon, mchezo wa kompyuta ya mkononi uliotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi wa Februari 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni, na mapenzi hayo ya kukamata, kufuga na kubadilishana vidudu ndiyo yaliyozaa mazimwi 151 ya toleo la kwanza. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Katika toleo hilo mhusika mkuu ni kama hayupo. Mchezaji huulizwa jina lake na jina la mshindani wake, basi. Kijana huyo hana historia wala tabia iliyoelezwa. Huchagua zimwi moja kati ya matatu, hutoka kijijini kwao, na kuanzia hapo hujulikana kwa mazimwi aliyoyakamata, aliyoyalea na aliyoyatelekeza.

Wachezaji wa maandishi walipouchukua ulimwengu huo waliliona pengo hilo, wakaliziba kwa fomu. Fomu hiyo aghalabu hudai jina, umri, mahali pa kuzaliwa, umbo na mavazi, tabia, udhaifu, historia ya maisha tangu utotoni, na mwisho kabisa orodha ya mazimwi ayamilikiyo mhusika, pamoja na mbinu za vita za kila moja. Msimamizi wa mchezo huisoma, huirudisha isahihishwe, kisha huipitisha. Hapo ndipo mhusika huruhusiwa kuingia katika kisa. Mpangilio wenyewe wafaa kuangaliwa. Zimwi limewekwa chini, baada ya mavazi, mahali ambapo karani wa forodha angeandika mizigo ya msafiri.

Asili ya fomu hii yajulikana. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, na ndani yake mhusika alianza maisha kama karatasi yenye sifa sita: nguvu, akili, busara, siha, wepesi na mvuto. Kila sifa ilipewa namba kwa kurusha dadu tatu, hivyo namba ya chini ilikuwa 3 na ya juu 18. Karatasi ile ilikuwa kavu kuliko fomu za leo, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo warithi wake wamelipoteza. Mvuto wa mhusika ndio ulioamua ni wafuasi wangapi angeweza kuwapata, na uaminifu wao, wakiwemo hayawani waliovutwa kuingia katika utumishi wake, ulikuwa mikononi mwa mwamuzi na dadu. Mchezaji aliweza kuandika kwamba anaye mfuasi. Kuandika kwamba mfuasi huyo anampenda hakukuwa katika uwezo wake.

Hapa ndipo penye kiini cha swala lote. Katika mchezo wa maandishi, mchezaji yule yule aliyemtunga bwana ndiye amwandikiaye zimwi. Zimwi hucheka bwana anapotaka licheke, hukasirika kwa niaba yake, na likijeruhiwa hujeruhiwa ili bwana apate nafasi ya kulia. Huenda likaitwa kaidi ndani ya fomu, na kwa hakika neno hilo hupendwa sana na wajazaji wa fomu, lakini ukaidi unaoandikwa na mkaidiwa mwenyewe ni pambo tu. Mhusika wa namna hii ana historia ndefu na hana mtu wa kumkatalia. Yatima aliyeteketezewa kijiji, asiyemwamini yeyote isipokuwa hayawani wake, huingia kisani akiwa amekwisha kujeruhiwa na amekwisha kupendwa. Kilichobaki ni kuwasimulia wachezaji wengine mambo yaliyotukia kabla hawajafika.

Ajabu ni kwamba kompyuta, chombo kisicho na moyo, ililielewa jambo hili vizuri zaidi. Katika toleo lile lile la 1996, zimwi lililopatikana kwa kubadilishana na mchezaji mwingine, likiisha kupita kiwango fulani cha nguvu, huweza kumdharau bwana wake mpya ikiwa hajashinda beji za kutosha: huamriwa kupigana nalo likalala usingizi. Toleo la mwaka 1998 lilimpa mchezaji zimwi moja, Pikachu, ambalo humfuata nyuma njia nzima. Akigeuka kulitazama huonyeshwa uso wake, na uso huo hubadilika kadiri anavyolitendea. Jiwe la kuligeuza liwe zimwi la aina nyingine, ambalo mazimwi mengine ya jinsi yake huligusa yakageuka, hilo hulikataa.

Matoleo ya mwaka 1999 yakaongeza hesabu ya urafiki ambayo mchezaji haonyeshwi, ingawa yako mazimwi yasiyokua mpaka hesabu hiyo ipande. Ndani ya matoleo hayo mna dawa ya majani iuzwayo kwa bei nafuu kuliko dawa ya kawaida yenye nguvu kama yake. Huponya vema, ila ni chungu, na kila zimwi linaponyweshwa urafiki hupungua. Mchezaji bahili huokoa fedha zake, asijue amelipa kwa sarafu gani. Hakuna sanduku la fomu liwezalo kusema ubahili kwa ufasaha kama huo.

Msomaji wa ngano za pwani hatakosa kulikumbuka paa la Sultani Darai. Ngano hiyo imo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870, na imesimuliwa mara nyingi tangu hapo. Maskini achakuraye jaani apate punje za kula aokota thumuni, na kwa thumuni hiyo, badala ya chakula, anunua paa. Majirani wamcheka. Paa asema kama binadamu, aomba ruhusa ya kwenda malishoni kila siku na kurudi jioni, na siku moja aokota almasi. Aichukua mpaka kwa sultani wa mji wa mbali, aitoa kama zawadi ya bwana wake, na amposea bwana huyo binti wa sultani.

Yafaa kuuliza ni nani hapa amuumbaye mhusika. Jina la Sultani Darai limetungwa na paa. Cheo kimetungwa na paa. Historia nayo ni yake: bwana aachwa uchi kijitoni, na paa atangulia kumwarifu sultani kwamba mkwewe amevamiwa na wezi njiani, ili aletewe nguo za kifalme. Hata nyumba ni kazi ya paa, aliyeipata kwa kumuua nyoka mwenye vichwa saba. Kila sanduku la fomu, tangu jina hadi makazi, limejazwa na mwandani, na bwana hana hata herufi moja aliyoiandika. Mpangilio umepinduliwa: hayawani ndiye mwandishi, na binadamu ndiye mzigo ulioandikwa.

Halafu yaja sehemu ambayo paa hawezi kumwandikia. Paa augua. Bwana, aliyekwisha kuzoea utajiri, aamuru apewe uji wa mtama mbovu. Mkewe amsihi, akataa. Paa afa, na maiti yake yatupwa kisimani. Tendo hili ndilo pekee lililo mali ya mhusika mwenyewe, na ndilo limfichualo. Ngano haikutangulia kusema kwamba maskini yule hana shukrani. Isingeweza kusema, kwa kuwa alipokuwa jaani hapakuwa na mtu wa kumshukuru. Tabia hiyo haikuwapo kabla ya paa. Mwisho wa ngano waenda sambamba na mantiki hiyo kwa ukali mkubwa: mke aota yuko kwa baba yake na aamka huko huko, na mume aota anachakura jaani, naye aamka jaani. Aliyeandika jina amekufa, na jina limekwenda naye.

Uji wa mtama wa Unguja na dawa chungu ya Japani havina uhusiano wa kihistoria, na hapana haja ya kuutafuta. Kinachoviunganisha ni ufundi. Vyote viwili vyampima mhusika kwa kitu kidogo ampacho mwandani wake wakati ambapo angeweza kumpa kilicho bora.

Huenda ikadaiwa kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe imejaa wahusika waliojazwa kabla ya kutenda. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwapa wahusika wake majina ambayo ni fomu nzima kwa neno moja: Adili, Hasidi, Mwivu. Dai hili lina uzito, lakini lajibika ndani ya kitabu kile kile. Hasidi na Mwivu wageuzwa manyani, na Adili apewa amri ya kuwapiga kila usiku kwa mkono wake mwenyewe, hali ni ndugu zake. Jina la Adili halitoshi kumsaidia msomaji hapo. Uadilifu ni kuutii uamuzi uliotolewa, au ni kuuzuia mkono? Wandani wale wawili, walio hayawani na ndugu kwa wakati mmoja, walifungua upya jina ambalo lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo kosa la fomu haliko katika kumwelezea mhusika mapema. Liko katika kumnyima kiumbe wa kumbishia maelezo hayo.

Watetezi wa fomu wana hoja nyingine, nayo ni ya haki. Fomu huwazuia wachezaji wachanga kuleta mhusika asiye na dosari, mwenye nguvu zote, apendwaye na kila amwonaye. Ugonjwa huo una jina tangu mwaka 1973, Paula Smith alipoandika kejeli juu ya binti aitwaye Mary Sue, akiwadhihaki waandishi wa hadithi za mashabiki wa Star Trek. Wasimamizi wa michezo wameweka sanduku la udhaifu kuwa kinga. Kinga hiyo, hata hivyo, haikingi kitu. Mchezaji huandika kwamba mhusika wake ni mwenye hasira au mwoga wa maji, kisha hupanga kisa kisipite karibu na mto. Udhaifu wa kuchagua ni aina nyingine ya pambo, na Mary Sue mwenye kovu shavuni angali Mary Sue.

Mwanafasihi asifanye haraka kuwacheka wachezaji hawa. Katika madarasa ya sekondari ya Kenya mwanafunzi huzoezwa kuorodhesha sifa za mhusika, mbili mbili kwa alama: ni mkarimu, ni katili, ni mwenye tamaa, na kila sifa na ushahidi wake. Mazoezi hayo hutoa wanafunzi hodari wa kujaza fomu. Humsoma mhusika kana kwamba sifa zilikuwapo kwanza na matendo yakaja kuzithibitisha, ilhali Aristotle alikwisha kutanguliza tendo mbele ya tabia karne nyingi zilizopita, na ngano ya paa yafanya vivyo hivyo bila kumjua Aristotle. Mtoto aliyefundishwa kwamba Sultani Darai hana shukrani, alama mbili, hakufundishwa lini alianza kuwa hivyo. Atakapoketi kujitungia mhusika wake kwenye intaneti, ataanza na orodha, kwa sababu ndivyo alivyoonyeshwa.

Mfano wa njia nyingine upo katika michezo iliyotokana na riwaya za Anne McCaffrey kuhusu sayari ya Pern, hususan Dragonflight ya mwaka 1968. Huko joka huangua yai mbele ya vijana waliokusanyika na kuchagua lenyewe mpanda wake, na toka dakika hiyo nia zao huungana mpaka kifo. Katika vikundi vingi vya wachezaji wa Pern mtu hutunga kijana tu, kisha hungoja. Joka la rangi gani litamjia, au kama litakuja lolote, ni uamuzi wa wengine. Wako vijana walioandikwa kwa ustadi mkubwa wakabaki wamesimama mchangani hali wenzao wanaondoka na majoka, na baadhi yao ndio waliogeuka kuwa wahusika wenye uhai zaidi kuliko waliochaguliwa.

Kwa michezo ya mazimwi ya mfukoni dawa yaweza kuwa nyepesi kuliko hiyo: kalamu ya zimwi ishikwe na mchezaji mwingine. Bwana aandike amri, na mwenziwe aandike kama imetiiwa. Patakuwa na usumbufu. Zamu zitachelewa, watu watagombana, na wako wachezaji ambao kwa kisasi watayafanya mazimwi ya wenzao yalale usingizi katikati ya vita. Msimamizi atakuwa na kazi nyingi kuliko ile ya kupitisha fomu. Lakini kalamu hiyo ikiisha kuondoka mkononi mwa bwana, sanduku la tabia laweza kuachwa tupu siku ya kwanza, na msimamizi alijaze mwenyewe baada ya miezi sita, kwa kumwuliza yule aliyekuwa akiliandikia zimwi.