Mapenzi ya watoro: Maillu wa Kilungu alitangulia, Kiswahili kingali njiani

MZAZI akimkuta bintiye amejifunika blanketi hadi kichwani, simu ikimulika, asidhani anasoma Kidagaa Kimemwozea. Huenda ni zile riwaya za Kiingereza za mapenzi moto: dunia imeharibika, watawala ni makatili, msichana ametoroka kwao, na jambazi anayemficha porini ana kifua kipana na kidonda cha moyo. Ukisikiliza wazazi wa Kitui na Makueni utaambiwa uchafu huu umetoka ng'ambo. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili imezaliwa Kilungu, huko huko Makueni, mwaka wa 1939. David Maillu alianzisha kampuni ya Comb Books jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini, akajiandikia na kujichapishia: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka wa 1973, kisha After 4:30 mwaka wa 1974. Vilisomwa chini ya dawati na ndani ya matatu. Wahakiki wa chuo kikuu, marehemu Chris Wanjala akiwemo, walivikemea. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka wa 1976, kama ambavyo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilivyozuiwa shuleni. Leo Rosa ni mada ya tasnifu. Maillu bado anatajwa kwa kicheko.

Lakini hebu tumsome. Kwa Maillu hakuna dola ya kubuni wala ukuta wa umeme unaozunguka mji. Jinamizi lake ni ofisi. Saa kumi na nusu jioni kazi inaisha, na hapo ndipo taabu ya mwanamke inapoanza, maana bosi ndiye mwenye barua ya kumpandisha cheo. Jonathan Kinama wa Unfit for Human Consumption hafukuzwi na jeshi lolote. Anafukuzwa na mshahara unaoisha kabla ya mwezi, pombe na wanawake, mpaka anajitoa uhai. Hawa ni watoro kamili. Wamekimbia kijiji, na mji nao haujawapokea.

Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, si uchi. Ni kwamba humwonjesha msomaji asali kurasa mia moja, halafu humchapa kwa mahubiri kurasa tano za mwisho. Na kiboko hicho mara nyingi humwangukia mwanamke. Anayebisha asome upya, kisha aniambie ni wanaume wangapi wanaopewa nafasi ya kujieleza kabla ya kuhukumiwa, na ni wanawake wangapi.

Upande wa majambazi tunaye John Kiriamiti, ingawa yeye si wa Ukambani. My Life in Crime ya 1984 ilimfanya Jack Zollo kuwa shujaa wa vijana wengi kuliko waziri yeyote. Kitabu ninachokiheshimu zaidi ni kile cha 1989, ambamo hadithi inasimuliwa na Milly, mpenzi wa jambazi. Mapenzi ya mhalifu yana bili, na Milly ndiye anayeilipa. Riwaya za simu huficha bili hiyo. Jambazi humshika msichana mkono kwa nguvu, msichana anasema hapana, na ukurasa unaofuata unatuambia kwamba alikuwa akitaka. Hapo ndipo mwalimu anapaswa kuingia na swali, badala ya kunyakua simu tu na kuifungia kabatini: hapana hiyo ilikwenda wapi?

Sasa tuje kwenye lugha, maana safu hii ni ya lugha. Kiswahili kinaweza kuandika riwaya ya namna hii? Jinamizi tunalo tayari. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) zimechora dunia iliyooza vizuri kuliko nyingi za ng'ambo. Kinachokosekana ni joto. Waandishi wetu wakubwa wakifika mlangoni mwa chumba cha kulala, huzima taa na kutuhamishia sura nyingine. Waandishi chipukizi nao huwasha taa kwa kiberiti cha kuazima: "mwili wake ulilipuka", "alizama katika macho yake", "kemia kati yao". Hiki ni Kiingereza kilichovaa kanga, jamani. Hakuna bibi wa Lamu wala wa Mutomo aliyewahi kulipuka mwili akabaki hai.

Tatizo ni kwamba msamiati wa mapenzi umegawanyika rafu tatu zisizosemezana. Ipo tasfida: kulala pamoja, kukutana kimwili. Yapo maneno ya zahanati, kama vile kujamiiana, ambayo humpoza msomaji papo hapo. Na yapo ya mtaani, ambayo mhariri wangu hatayapitisha. Waswahili wa pwani walikwisha kupata njia ya nne, ile ya mafumbo ya taarabu na mafunzo ya unyago, ambako embe si embe wala kisima si kisima, na msikilizaji anaona haya bila neno lolote la aibu kutamkwa. Joto hutoka kwenye kile ambacho msomaji analazimika kukifumbua mwenyewe.

Ukambani nako si kukavu. Katika Kikamba, kwenda ni kupenda, na wendo ni upendo. Mtu akisema anakwenda kwa mpenziwe, masikio mawili yanasikia mambo mawili. Ni zawadi ya bure kwa atakayeandika kuhusu wapenzi watoro. Maillu alilijua hilo. Mwaka wa 1980 alitoa Hit of Love kwa Kiingereza na Kikamba, Wendo Ndikilo, na mwaka wa 1989 akachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya Without Kiinua Mgongo. Wasanifu tulinuna. Lakini ndivyo watu wanavyobembelezana kwenye basi la kwenda Kitui, tusidanganyane.

Anayetaka kupima nguvu za Kiswahili aanze na kazi ndogo: atafsiri jina la My Dear Bottle. "Mpendwa" ni neno la barua na la kanisani. "Mpenzi" ni la chumbani. Mzaha wa Maillu umekalia viti vyote viwili, mlevi anayeiandikia chupa barua na kuikumbatia kwa wakati mmoja, na mimi hadi sasa sijapata neno moja linaloweza kukaa hapo.