Usasi wa Nyavu Mwishoni mwa Kiangazi

Miongoni mwa kazi zilizowapa heshima watu wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, usasi wa nyavu unastahili kutajwa pamoja na uhunzi na uchongaji, ingawa hutajwa hivyo kwa nadra, kwa kuwa wengi siku hizi hudhani kwamba kuwinda ni nguvu na bahati tu. Usasi huu ni ule ambao watu kadhaa huunganisha nyavu zao kuwa ukuta mmoja wa nusu duara ndani ya pori, kisha wenzao, waitwao wasakaji, huwatimua wanyama kwa kelele na mbwa mpaka wakimbilie humo. Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, nchi ya Wazimba, Wabangubangu, Wakusu na Wabuyu, ambako msitu mkubwa wa Kongo huanza kukatikakatika na kupisha mbuga za nyasi ndefu, ustadi wa kazi hiyo ulidhihirika zaidi katika majira yaliyo magumu kuliko yote, yaani mwishoni mwa kiangazi, mvua za kwanza zinaposhuka kwa radi kutoka upande wa milima ya mashariki.

Kiangazi chenyewe kina usasi wake, ambao ni rahisi zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti nyasi hukauka na kuchomwa, na wanyama wanaokimbia moto hupokewa kwa mikuki mbugani. Desturi hiyo ni ya zamani: mnamo Agosti 1870, msafiri David Livingstone, akiwa amezuiliwa na vidonda vya miguu huko Bambarre, mahali panapoitwa leo Kabambare, aliandika kwamba moto mkubwa wa nyasi uliwatoa mafichoni soko wanne, nyani wakubwa ambao yamkini walikuwa sokwe, nao wakauawa kwa mikuki mara walipotokea uwandani. Usasi wa moto, hata hivyo, hauna mengi ya kumfundisha mtu. Moto unapokwisha kupita, wanyama waliosalia hukimbilia misitu myembamba inayofuata kingo za mito, hasa Luama na vijito vyake, na makorongo ya vilima vinavyopanda kuelekea Fizi, na huko, mahali palipo na giza, miteremko na miti iliyoanguka, mkuki peke yake haufai kitu. Ndipo nyavu hushushwa kutoka darini.

Mvua za Septemba huibadilisha kazi yote. Majani makavu, ambayo katika Julai humsaliti kila anayekanyaga, hulowa na kunyamaza, kwa hiyo msasi aweza kukaribia zaidi. Lakini mnyama naye hunufaika, kwa sababu paa mdogo wa msituni, ambaye Wakongo wengi humwita mboloko na ambaye uzito wake ni kilo 4 hadi 5 hivi, hujilaza chini ya kichaka wakati wa manyunyu na hakurupuki mpaka amefikiwa karibu kabisa. Upepo unaotangulia tufani hauna mwelekeo mmoja. Huvuma ukipanda korongo, hutulia, kisha hugeuka na kupeleka harufu ya watu upande ule ule waliotaka kuuficha. Mzee anayeongoza usasi, ambaye kazi yake ni kuamua wapi nyavu zisimame na wasakaji waanzie wapi, humwaga majivu mepesi kutoka kiganjani, hutazama yanakoelekea, hungoja, humwaga tena, na mara nyingine huwaamuru watu wote wakunje nyavu walizokwisha kutandaza kwa jasho, wavuke kijito na kuanza upya upande wa pili. Utii wa watu waliolowa na kutetemeka kwa amri ya namna hiyo ndio ulioonyesha ubora wa kundi zaidi ya idadi ya wanyama waliopatikana.

Wavu wenyewe unadai kuelezwa kwa utulivu. Katika misitu mingi ya Kongo nyuzi zake hutokana na gome la mtambaazi ambao wataalamu wa mimea huuita Manniophyton fulvum, mmea wenye majani yanayokwaruza kama msasa na vinywele vinavyosumbua ngozi ya mkataji. Shina hukatwa, gome huambuliwa kwa vipande virefu, sehemu ya nje hukwanguliwa kwa kisu, na nyuzinyuzi za ndani hukaushwa. Kisha fundi huketi, hukunja nguo mpaka juu ya goti, huweka mafungu mawili ya nyuzi juu ya paja na kuyasokota kwa kiganja, kwanza kwa kusukuma mbele ili kila fungu lijikaze peke yake, halafu kwa kuvuta nyuma ili yote mawili yajisokote kinyume na kuwa kamba moja isiyofumuka. Kabla fungu halijaisha huchomekwa jingine, na mahali pa muungano hapapaswi kuonekana wala kuhisiwa kwa vidole. Paja la fundi wa miaka mingi huwa laini, bila unywele hata mmoja, pale kamba ilipopita.

Kufuma ni hatua nyingine. Macho ya wavu, yaani matundu yaliyo kati ya fundo na fundo, hupimwa kwa vidole au kwa kijiti ili yaingize kichwa cha paa lakini yazuie mabega yake, na fundo hukazwa kwa namna ambayo mnyama akipapatika hulizidisha nguvu. Wavu mmoja waweza kuwa na urefu wa mita 30 au 50 au zaidi, na kimo chake hakimpiti mtu kifua. Urefu huo wote umepita juu ya paja la mtu, na ndiyo sababu wavu mzuri ulirithishwa, ukahesabiwa katika mali ya nyumba, na kutengenezwa palipokatika badala ya kutupwa.

Mvua ni adui wa kamba hiyo na pia ni mtihani wa aliyeisokota. Kamba iliyosokotwa kwa haraka hunywa maji, huvimba na kujikunja, mafundo hukwama, na wavu ukishatundikwa hujivuta wenyewe na kuacha pengo chini, ambalo mnyama hulipata bila kufundishwa. Iliyosokotwa vizuri huwa nzito lakini hutii. Mwenye wavu huubeba begani ukiwa umekunjwa kwa mpango, huufungua kwa mkono mmoja huku akitembea, na kwa mkono mwingine hutundika ugwe wa juu, yaani kamba nene inayoushika wavu wote, kwenye vijiti na matawi madogo, bila kuufunga, ili mnyama akiingia wavu uanguke na kumfunika. Kwenye mteremko unaoteleza, katika mvua inayopofusha, kazi hiyo hufanywa kimya na upesi, kila mmoja akiunganisha mwisho wa wavu wake na mwanzo wa wavu wa jirani, na kosa la mmoja hufungua ukuta wa wote. Jioni nyavu hutandazwa juu ya moto ili moshi uzikaushe, na vidole hupita fundo kwa fundo kutafuta lililolegea. Mtu aliyeukunja wavu mbichi na kulala hakuaminiwa tena nafasi ya katikati, ambako wanyama wengi hukimbilia.

Upande wa pili wa ukuta huo walikuwapo mbwa. Mbwa wa asili wa Kongo, wadogo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, hawabweki kama mbwa wengine, kwa hiyo huvishwa shingoni kengele iliyochongwa kwa mti, ambayo sauti yake humwambia msasi mbwa yuko wapi, na kama anatafuta au amekwisha kupata. Ulaya iliwashangilia mbwa hao ilipowaona kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London mwaka 1937, ikawapa jina la basenji na kuwaandikia vitabu vya nasaba. Nyumbani sifa yao ilikuwa kuingia kwenye miiba yenye maji wakati mbwa mwingine angerudi. Kengele iliyolowa hutoa sauti butu na fupi, na msasi aliyeizoea ya kiangazi hulazimika kujifunza kusikia upya.

Kilichostahili sifa kuliko vyote, hata hivyo, ni kwamba usasi huo ulikuwa na mwisho. Wavu mmoja hauzungushi korongo. Zahitajika nyavu nyingi, wasakaji, mbwa na mzee wa kuamua, na watu hao hao ndio waliongojewa mashambani mara udongo ulipolainika kwa ajili ya mpunga, mahindi na karanga. Mvua iliyowapa siku chache za usasi wa fahari ndiyo iliyowaita pia kwenye jembe, na pori likapumzika bila mtu yeyote kutangaza kwamba limefungwa. Msiba kijijini uliusimamisha usasi, na ugomvi wa ndugu wawili wenye nyavu za jirani ulitosha kuuzuia mpaka wapatanishwe.

Usasi huu haukuondolewa na bunduki, maana bunduki haikuja jana katika nchi hii. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, kisha ya mwanawe Sefu, hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji huo Aprili 1893, na biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuwazoesha watu harufu ya baruti. Hata gobori linaloundwa na wahunzi wa vijijini, ambalo sehemu nyingi za Kongo huitwa pupu, liliishi pamoja na wavu kwa muda mrefu bila kuuondoa. Kilichouondoa ni vita na waya. Katika vita vya 1996 na 1997, tena vile vya 1998 hadi 2003, na katika fujo za makundi yenye silaha zilizofuata upande wa Kabambare, vijiji vilikimbia, vikatawanyika, vikarudi nusu nusu. Na watu wasioweza kulala mahali pamoja hawawezi kusimamisha ukuta wa nyavu pamoja. Mtego wa waya, unaotengenezwa kwa nyuzi za breki za baiskeli au pikipiki, hauhitaji mwenzi. Mtu mmoja aweza kutega kadhaa asubuhi moja, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, na mitego ikaendelea kunasa usiku na mchana, kiangazi na masika, jike lenye mimba na mtoto wake, na kilichonaswa kikaoza kabla ya kukumbukwa. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayosimamia uwindaji nchini, inazungumzia vibali na misimu, lakini karatasi haiwezi kufanya peke yake kazi iliyokuwa ikifanywa na jembe, ujirani na mvua.

Hasara nyingine ni ya mgawo. Mnyama wa wavu alikuwa na haki za watu juu yake kabla hajachunwa: mwenye wavu alioingia, aliyemuua, mwenye mbwa, wasakaji, wazee, na wale ambao miguu yao haikuweza tena kupanda kilima. Kwa Walega wa Pangi, ambao Wazimba ni jamaa zao kwa lugha, ugawaji wa nyama uliingia hata katika Bwami, yaani chama cha wenye hekima na vyeo, na kakakuona aliyepatikana hakuliwa ovyo bali aligawanywa kwa utaratibu mbele ya wanaostahili. Ugomvi ulitokea, bila shaka, na mkono wa kugawa haukuwa mnyofu siku zote, lakini aliyepunjwa alijua amepunjwa nini na aende kudai kwa nani. Nyama ya waya ina mwenyewe mmoja. Hukaushwa kwa moshi porini, hufungwa nyuma ya pikipiki na kuuzwa kwenye kambi za wachimbaji kabla haijapita kijijini, na mjane ambaye zamani aliletewa fungu lake bila kuomba sasa husikia tu kutoka kwa watoto kwamba nyama ilipita barabarani.